Mlaji na Mwenye Njaa: Hadithi Fupi ya Wales na Hadithi Fupi ya Kiswahili Zikisomwa kutoka Songea

Ikisiri

Makala haya yanazisoma pamoja hadithi fupi mbili ambamo mhusika mmoja anakula chakula cha wengine mpaka kinakwisha. Ya kwanza ni "Te yn y Grug" ya Kate Roberts, iliyoandikwa kwa Kiwelisi na kutoka mwaka 1959 katika mkusanyiko wenye jina hilohilo. Ya pili ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2016 katika mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Inadaiwa kwamba hadithi fupi ya Kiswahili imemsawiri mlaji kwa ufundi mkubwa kama istiari ya mamlaka, lakini ufundi huo umegharimiwa na mwenye njaa, ambaye hubaki bila uso. Dai hilo linapimwa kwa historia ya Songea, mahali ambapo mlaji na mliwaji wamebadilishana nafasi zaidi ya mara moja.

Maneno ya msingi: hadithi fupi, istiari, mahali, njaa, Songea, Wales

Utangulizi

Mwaka 1917 kijana mmoja kutoka Rhosgadfan, kijiji cha wachimba mawe kaskazini-magharibi mwa Wales, alifariki Malta akiwa katika utumishi wa jeshi la Uingereza. Dada yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alieleza baadaye kwamba kifo hicho ndicho kilichomsukuma kushika kalamu. Huyo ni Kate Roberts (1891–1985), ambaye wasomaji wa Kiwelisi wamempa heshima ya umalkia katika fasihi yao. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi, O Gors y Bryniau, ulitoka mwaka 1925. Kwa miaka zaidi ya arobaini baada ya hapo alirudi mara kwa mara katika eneo lilelile dogo: machimbo ya mawe bapa ya kuezekea nyumba, mashamba madogo ya mlimani ambayo wanawake walilima wanaume wakiwa kazini, makanisa, deni la dukani, bei ya siagi.

Msomaji wa Kiswahili anaifahamu fasihi ya Uingereza kupitia Shakespeare, ambaye Julius Nyerere alimfasiri, na kupitia vitabu vya shule. Wales haimo katika ufahamu huo, na pengine hakuna aliyeona sababu ya kuiingiza. Sababu ipo. Wales ni nchi ndogo ambamo hadithi fupi ilikua ikawa utanzu mkuu wa nathari, tena katika lugha mbili zilizokuwa zikitazamana kwa wivu. Upande wa Kiwelisi walikuwapo Kate Roberts na D. J. Williams, na upande wa Kiingereza Caradoc Evans, Rhys Davies, Glyn Jones na Dylan Thomas. Mhakiki kutoka Ireland, Frank O'Connor, alidai mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba hadithi fupi hustawi kwa watu waliozamishwa pembezoni mwa jamii, wasio na shujaa wa kuwasemea. Dai lake limepingwa kwa upana wake, lakini kwa Wales linafaa vizuri, na lingepaswa kuifaa pia mikoa ya Tanzania iliyo mbali na pwani na mbali na Dar es Salaam.

Hapo ndipo swali la makala haya linapoanzia. Hadithi fupi ya Kiswahili haina upungufu wa watunzi hodari wala wa wahakiki. Mbunda Msokile aliuandikia utanzu huu kitabu kizima, Misingi ya Hadithi Fupi (1992), wakati ambapo wengi waliutazama kama riwaya iliyokatwa miguu. Nchini Kenya mkusanyiko wa hadithi fupi una nafasi yake ya lazima katika mtihani wa kidato cha nne. Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba na Mapambazuko ya Machweo zimepokezana nafasi hiyo. Nchini Tanzania orodha iliyozoeleka ya vitabu teule vya sekondari ilijengwa juu ya riwaya, tamthilia na ushairi: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Orodha, Ngoswe, Wasakatonge. Hadithi fupi ilipita katika magazeti na kusahaulika pamoja na gazeti la juzi. Tofauti hiyo ya kimfumo imeathiri namna utanzu unavyoandikwa, kwa sababu hadithi inayotarajia kusomwa Mombasa, Kisumu na Unguja kwa wakati mmoja hujifunza kutotaja barabara.

Jeli ya Begw

"Te yn y Grug", ambayo kwa Kiswahili ingeweza kuitwa "Chai Vichakani", haina kisa kikubwa. Msichana mdogo, Begw, na rafiki yake Mair wanapanda mlimani kunywa chai nje ya nyumba. Begw amebeba jeli, na kwa mtoto wa mchimba mawe mwishoni mwa karne ya 19 jeli ni jambo la sherehe. Njiani wanakutana na Winni Ffinni Hadog, msichana mkubwa zaidi, mchafu, mwenye maneno makali, ambaye kijiji kizima kinawaonya watoto wamkwepe. Winni anajikaribisha, anazungumza, anaota ndoto kwa sauti. Atakwenda London kuwa mtumishi wa Malkia, na hatarudi tena. Kisha anakula chakula chote, na jeli inakwenda ikiwa ya kwanza kuonwa na ya mwisho kusahauliwa.

Hasara yenyewe ni ndogo mno. Hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa kwake. Mwandishi, hata hivyo, haitazami hasara hiyo kwa jicho la mtu mzima anayejua kwamba jeli itapikwa tena. Usimulizi umo katika nafsi ya tatu lakini umekaa begani kwa Begw, na kwa Begw ulimwengu umepasuka. Msomaji analiona tendo la Winni kama dhuluma kamili kwa muda wa ukurasa mzima, na wakati huohuo anapewa, bila maelezo ya pembeni, vitu vya kumwonyesha kwamba Winni ana njaa. Baba yake ni mlevi. Mama yake alifariki, na nyumbani yupo mama wa kambo. Anayelalamikiwa kwa ulafi ni mtoto ambaye pengine hakula tangu asubuhi, na ambaye jeli hajawahi kuandaliwa na mtu yeyote.

Kate Roberts hamsamehe Winni kwa sababu hiyo. Jeli imeliwa, na haki ya Begw ya kulia ni haki kamili. Lakini katika hadithi zinazofuata ndani ya kitabu hicho Begw anavutwa na Winni, na kitabu kinavutwa pamoja naye. Polepole mlaji anakuwa mhusika mkuu. Anakwenda mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu, na ile ndoto ya London inakunjwa mpaka kuwa jiko la mtu mwingine umbali wa kilomita chache. Anayeusoma mkusanyiko kwa mfuatano anatambua kwamba hadithi ya jeli ilikuwa mlango wa kumwingilia Winni, na kwamba asingeweza kuingia kwa huruma ya moja kwa moja. Ilimpasa kwanza aliwe chakula chake.

Edgar Allan Poe alidai mwaka 1842 kwamba utunzi mfupi wa nathari hupaswa kulenga athari moja tu. "Te yn y Grug" ina athari mbili zinazopingana, kumchukia mlaji na kuiona njaa yake, na mwandishi anakataa kuzipatanisha.

Jitu na ukoo wake

Katika "Tumbo Lisiloshiba" mlaji anaingia kwa kishindo kingine. Wakazi wa Madongoporomoka, mtaa wa vibanda pembezoni mwa jiji linalopanuka, wanaishi kwa hofu ya kunyang'anywa ardhi yao. Mzee Mago ndiye anayewapa moyo na kuwatafutia njia ya kisheria. Siku moja mkahawa unatembelewa na mtu mkubwa kupita kiasi, ambaye hadithi inamwita Jitu. Jitu linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakimaliza mbele ya macho ya watu waliotarajia kukila, na linaahidi kurudi kesho kwa kikubwa zaidi. Kesho yanafika mabuldoza. Msomaji anaelewa papo hapo kwamba mkahawa ulikuwa kionjo cha mtaa mzima.

Ufundi wa hadithi hii haupaswi kupunguzwa. Mwandishi ametumia kitu kimoja, kula, kubeba siasa nzima ya ardhi ya mjini, na amefanya hivyo bila hotuba. Kichekesho cha mwili mkubwa unaojaza viti kinageuka kitisho bila msomaji kuona mshono. Aidha, Jitu halikuzaliwa Madongoporomoka. Lina ukoo. Katika Swahili Tales ya Edward Steere, iliyochapishwa London mwaka 1870 kutokana na simulizi zilizokusanywa Unguja, imo ngano ya Sultani Majnun na paka wake. Paka anaanza kwa kuku, anakwenda kwa mbuzi, kisha watu, na Sultani anakataa kuchukua hatua kwa kuwa paka ni wake, mpaka mnyama anapokuwa nunda anayeweza kumla hata yeye. Zimwi la ngano za bara ni binamu wa nunda huyo. Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyefundisha kwa miaka mingi nje ya visiwa, amemrithi mlaji wa ngano na kumvika suti. Hata buldoza si geni kwake, maana mkusanyiko wake wa mwaka 2005 una jina la Arusi ya Buldoza na Hadithi Nyingine.

Istiari hii imefanya kazi kubwa katika hadithi fupi ya Kiswahili, na mtunzi huyu hakuwa peke yake. Euphrase Kezilahabi alipomwita mhusika wake waziri wa maradhi badala ya waziri wa afya, alitumia mantiki ileile: cheo kimoja kilichopinduliwa kinasema yote juu ya utawala mzima. Zipo sababu za kihistoria za upendeleo huu. Chini ya mfumo wa chama kimoja fumbo lilimlinda mtunzi. Baada ya mfumo huo, soko la shule lilihitaji hadithi inayofundishika, yenye mlingano ulio wazi kati ya kitu na maana yake. Mwalimu anaweza kusimama ubaoni na kuandika kwamba Jitu ni tabaka tawala, na atakuwa sahihi.

Usahihi huo ndio unaotia shaka. Jitu halina njaa. Lina tumbo tu. Halitoki kokote, halikulelewa na mtu, na halitamani kitu ambacho msomaji amewahi kukitamani. Kwa upande wa pili wakazi wa Madongoporomoka, ukimwacha Mzee Mago na wachache wengine, wanasimama pamoja kama umma. Wanaliwa pamoja, wanaogopa pamoja, wanakasirika pamoja. Msomaji haambiwi nani kati yao angekula wali ule na nani alikuwa hana pesa ya kuulipia hata kabla Jitu halijafika. Tofauti za ndani ya mtaa zimefutwa ili tofauti kati ya mtaa na Jitu ionekane kwa ukali. Uamuzi huo ni halali wa kisanaa kwa hadithi moja. Ukigeuka mazoea ya utanzu mzima unaanza kutoa picha ya jamii yenye watu wa aina mbili tu.

Lawama haiendi upande mmoja. Jitu nalo linafichua pengo katika kazi za Kate Roberts. Machimbo ya kaskazini mwa Wales yalikuwa na wenye nayo. Huko Bethesda, mwendo mfupi kutoka kwao, wafanyakazi wa Lord Penrhyn walikaa nje ya machimbo kwa miaka mitatu kuanzia 1900, katika mojawapo ya migogoro mirefu zaidi ya kazi nchini Uingereza. Katika hadithi fupi za Kate Roberts mwenye machimbo ni kama hali ya hewa. Msimamizi mdogo wa kazi anaonekana, mshahara unaopungua unaonekana, bwana mwenyewe haingii mlangoni. Mtunzi wa Kiswahili angemleta mpaka mezani na kumfanya ale. Hapo Said Ahmed Mohamed anaona kitu ambacho mwandishi wa Rhosgadfan, kwa uaminifu wake kwa jicho la Begw, hakukiruhusu kuonekana.

Songea: nani aliyekula

Songea ni mahali pazuri pa kuzipimia njia hizi mbili, kwa sababu historia yake inaweza kusimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kama historia ya chakula. Mkoa wa Ruvuma umo katika kundi la mikoa ya kusini inayotegemewa kwa mahindi ya taifa, na Songea ina maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mji huohuo umepewa jina la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Tarehe 27 Februari mwaka huo viongozi na wapiganaji wengi wa Ungoni walinyongwa mjini hapo, na kila mwaka siku hiyo inakumbukwa katika Makumbusho ya Majimaji. Baada ya kunyonga, na kabla yake pia, jeshi la Kijerumani lilichoma mashamba na maghala. Wanahistoria wanakubaliana kwamba katika vita hivyo njaa iliua watu wengi kuliko risasi, na kwamba maofisa waliitumia kwa kukusudia.

Fasihi ya Kiswahili imeipokea Majimaji kwa njia ya jukwaa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inaiweka Majimaji kwenye Rufiji, kwenye maji na imani na umoja. Ndiyo tamthilia iliyofanya vita hivyo kuwa mali ya taifa, na inastahili nafasi hiyo. Lakini njaa iliyokuja baadaye huko Ungoni ni jambo lisilopandika jukwaani kwa urahisi. Njaa haina kilele. Inachukua miezi, inampata mmoja na kumwacha jirani yake, inawafanya ndugu wafichane chakula. Hilo ni jambo la hadithi fupi, hasa hadithi ya aina ya Begw, inayoweza kukaa na sufuria moja kwa kurasa kumi.

Istiari ya Jitu ingeshughulikaje na njaa hiyo? Kwa haraka na kwa haki: Jitu ni Mjerumani. Tatizo ni kwamba Ungoni haianzi mwaka 1905. Wangoni walifika kutoka kusini katika karne ya 19, sehemu ya mawimbi yaliyovuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba na viongozi wenzake. Walijenga dola kwa mikuki, wakateka watu na mazao ya waliowakuta. Wandendeule wana kumbukumbu zao za kumezwa ndani ya dola hiyo. Wamatengo walipanda milimani, na kilimo chao mashuhuri cha mashimo, ngolo, huelezwa kwa kawaida kama matokeo ya kubanwa katika miteremko mikali. Kwa bibi wa Kimatengo wa mwaka 1890 Jitu lilikuwa na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Kwa mjukuu wake wa mwaka 1906 watoto wa Jitu walikuwa wakinyongwa na Jitu kubwa zaidi. Istiari yenye tumbo moja haiwezi kubeba mambo hayo mawili bila kusema uongo juu ya mojawapo. Hadithi yenye mlaji kama Winni inaweza.

Vivyo hivyo kwa manamba. Chini ya Waingereza Songea ilikuwa hazina ya nguvukazi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na kuanzia mwaka 1944 shirika la waajiri, SILABU, liliendesha uandikishaji huo kwa mpango. Wanaume waliondoka kwa mikataba. Wanawake walibaki na mashamba. Gabriel Ruhumbika aliifanya safari ya manamba kuwa uti wa riwaya yake Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), akiianzia Ukerewe. Riwaya ilimfuata aliyeondoka. Kate Roberts angebaki na mke aliyeachwa, na angetaka kujua vitu ambavyo mhakiki wa maudhui huviona vidogo: fedha iliyotumwa ilifika ngapi, nani aliisoma barua, mume aliporudi alikuta nini kimeuzwa. Mwanamke huyo wa Ungoni anayelima peke yake na mwanamke wa Rhosgadfan anayekamua ng'ombe wakati mumewe yuko machimboni wangeelewana kwa dakika tano, kama wangepata mkalimani.

Kisa cha tatu ni kigumu zaidi, na pengine ndiyo sababu kimekaa kimya katika kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea, wakafanya kazi kwa ushirika kabla Azimio la Arusha halijaandikwa. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichokua kutokana nao kilikuwa na vijiji vipatavyo 17, shule yake yenye mtaala wake, na mashine ya kusaga. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Chama kilichohubiri ujamaa kilikimeza kijiji kilichokuwa kimeutangulia. Nathari ya miaka ya 1970 iliujadili ujamaa kwa wingi. Ndoto ya Ndaria ya John Ngomoi na Gamba la Nyoka ya Kezilahabi ni mifano inayofahamika. Litowa haikuingia katika mifano hiyo, na si ajabu, maana haikubali mlingano wa ubaoni. Waliovunja hawakuwa mabepari. Baadhi ya waliovunja waliamini wanalinda umoja wa nchi changa. Mlaji, hapa, alikuwa na njaa ya kitu fulani, na hadithi ambayo ingejua ni kitu gani ingekuwa hadithi kubwa.

Lugha ya mlaji

Linabaki suala la lugha, ambalo kwa Kate Roberts halikuwa suala la pembeni. Katika riwaya yake Traed mewn Cyffro (1936) mama anapokea barua rasmi ya kifo cha mwanawe vitani, na barua imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Inambidi aibebe kwa mwenye duka ili aambiwe kilichomo. Mwaka mmoja kabla ya riwaya hiyo kutoka, Kate Roberts na mumewe, Morris Williams, walikuwa wamenunua kiwanda cha uchapaji cha Gwasg Gee katika mji wa Denbigh, ili lugha iliyokuwa ikidhoofika iwe na mashine yake. Songea nayo ilikuwa na mashine. Wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga huko uchapaji uliotoa vitabu na magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi, tena umbali mfupi tu magharibi mwa mji. Walichochapa kilikuwa hasa cha kidini na cha kilimo na malezi. Mtunzi wa hadithi fupi wa Ruvuma hakukosa kiwanda cha kuchapia kwa kiwango ambacho huelezwa mara nyingi.

Kinacholeta utata ni kwamba Kiswahili kina sura mbili. Mbele ya Kiingereza, Kiswahili ni Kiwelisi. Mbele ya Kingoni na Kimatengo, ni Kiingereza. Joseph Mbele, mzaliwa wa Wilaya ya Mbinga na mtaalamu wa fasihi simulizi, alikusanya ngano za Wamatengo na kuzitoa mwaka 1999 kwa jina la Matengo Folktales. Ngano hizo zilitoka katika Kimatengo zikaingia katika Kiingereza bila kupita Kiswahili. Hakuna kosa katika hilo. Kitabu kilikusudiwa wasomaji wengi wa nje na kimewafikia. Lakini mwanafunzi wa Songea anayelisoma Jitu kwa Kiswahili na zimwi la bibi yake kwa Kiingereza yuko katika hali ambayo uhakiki wa Kiswahili haujaipa jina.

Wales inatoa onyo mahususi hapa. Mwaka 1915 Caradoc Evans alichapisha London mkusanyiko wa hadithi fupi, My People, juu ya wakulima wa magharibi mwa Wales. Aliwafanya wazungumze Kiingereza kilichofasiriwa kutoka Kiwelisi neno kwa neno, na mara nyingine kilichopotoshwa makusudi, hivyo kila sentensi yao ikasikika ya kinyama na ya kinafiki. Wales ilikasirika, na hasira haikuisha upesi. Wahakiki wa baadaye wameona ndani ya kitabu hicho nguvu ya kweli na ghadhabu ya haki dhidi ya unafiki wa makanisa. Hata hivyo ile mbinu ya lugha ilimfanya mlafi wa kijijini awe mlafi kwa sababu ya namna anavyosema. Kiswahili kina mazoea yake ya aina hiyo. Katika vichekesho na hata katika tamthilia zinazoheshimika, mtu wa bara hutambuliwa kwa kuharibu ngeli na kubadilisha sauti, na akishatambuliwa hivyo msomaji haulizi tena anataka nini. Mtunzi atakayemwandika Winni wa Ungoni atalazimika kuamua Winni huyo anasema Kiswahili cha namna gani: Kiswahili sanifu kisichokuwa chake, Kiswahili kilichovunjwa ili kichekeshe, au cha tatu, kilichojengwa kwa mpangilio wa Kingoni na kuachwa kisimame kwa heshima yake, kama Kezilahabi alivyoruhusu mara kwa mara mwendo wa Kikerewe usikike chini ya nathari yake.

Kate Roberts alifanya uamuzi huo kwa lahaja ya Arfon. Wasimulizi wake hutumia Kiwelisi cha maandishi, safi na kilichobanwa. Wahusika wake husema kama watu wa mlimani walivyosema. Na kati ya wote wanaosema katika Te yn y Grug, ulimi mkali zaidi, wenye matusi mazuri zaidi na picha zisizotarajiwa, ni wa Winni. Begw, mtoto aliyelelewa vizuri na aliyeporwa jeli yake, humsikiliza akiwa kinywa wazi.